Jicho la pili ndani ya fuvu

NDUGU msomaji, hebu tufanye jaribio dogo la mezani. Chukua kikombe cha chai chenye mkono, ukiweke mbele yako, na mkono wake uelekee upande usiouona. Kisha kunja karatasi iwe kama bomba, fumba jicho moja, na kwa hilo lililobaki ukitazame kikombe kupitia ndani ya bomba. Utaona maua yaliyochorwa juu yake. Utaona hata ufa mwembamba kama unywele. Mkono wa kikombe hutauona. Mtu akikuletea lenzi yenye kukuza mara ishirini, ufa ule utakuwa mpana kama barabara, lakini mkono utakuwa bado umejificha mahali pake. Kukuza kitu si kukizunguka.

Sasa fikiri kwamba kikombe hicho ni kifuko cha damu kilichotuna juu ya mshipa, chini ya ubongo wa mtu aliye hai. Kwamba ukuta wake ni mwembamba kiasi cha kuweza kupasuka kwa kuguswa tu. Na kwamba nyuma yake, pale usipopaona, umepita mshipa mwingine mwembamba kama uzi wa kushonea, ambao ukibanwa kwa bahati mbaya mtu huyo ataamka hana nguvu za mkono na mguu wa upande mmoja. Hiyo ndiyo hali anayoikabili daktari mpasuaji wa ubongo katika maradhi yaitwayo anyurizimu. Makala haya yaeleza jinsi wapasuaji walivyojipatia jicho la pili la kutazamia nyuma ya kikombe, na kwa nini jicho hilo halijaweza kuliondoa lile la kwanza.

KICHWA KAMA RADI

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu alikuwako mama mmoja muuza vitumbua. Asubuhi moja aliinuka kutoka mekoni, akashika kisogo kwa mikono miwili, akasema maneno matatu tu, "Kichwa changu jamani," akaanguka. Alizikwa alasiri ya siku iliyofuata. Matangani yalisemwa mengi. Wako waliomtaja jirani aliyekuwa amegombana naye juu ya mpaka wa kiwanja, na jirani huyo akahama mtaa kabla ya mwaka kwisha. Siwezi leo kusema mama yule alikufa kwa nini, maana hakuna aliyempima. Lakini nilipoanza kusoma habari za anyurizimu kwa ajili ya ukurasa huu, nilimkumbuka yeye kabla ya kitu kingine chochote, kwani ndivyo vitabu vya udaktari vinavyoeleza: maumivu ya kichwa yanayofika kilele chake katika muda wa sekunde au dakika moja, wala hayapandi kidogo kidogo. Mgonjwa akiweza kusema, husema hajapata kuumwa kichwa namna ile tangu azaliwe. Hufuata kutapika, shingo kukakamaa, macho kuchukia mwanga, na mara nyingine kuzimia.

Ni nini kinachotokea? Damu hufika ubongoni kwa ateri kubwa nne: mbili hupita mbele ya shingo na mbili hupanda kupitia mifupa ya shingo yenyewe. Chini ya ubongo ateri hizo huungana na kufanya mfano wa pete. Mwingereza Thomas Willis aliieleza pete hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1664, na baadhi ya michoro ya kitabu hicho ilitoka mkononi mwa Christopher Wren, yule yule aliyejenga baadaye kanisa kuu la St Paul's mjini London. Mpaka leo madaktari huiita kwa jina la Willis. Pale mishipa inapogawanyika, damu huipiga kona ya panda usiku na mchana bila kupumzika. Na katika panda hizo, mahali ambapo ukuta una udhaifu, mshipa huweza kutuna miaka inapopita, mfano wa mpira wa ndani wa baiskeli unaotokeza uvimbe mahali tairi lilipochakaa.

Vifuko hivi vingi ni vidogo; aghalabu havizidi ukubwa wa punje ya harage. Wataalamu hukadiria kwamba watu wazima wapatao 3 katika kila 100 wanavyo, na wengi wao watazeeka na kufa kwa mambo mengine bila kujua. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Mvutaji wa sigara na mwenye shinikizo kubwa la damu wako katika hatari zaidi, na hali kadhalika mtu ambaye ndugu zake wa karibu wawili au zaidi wamepatwa. Mara chache kifuko hutoa onyo kabla ya kupasuka: hukandamiza neva ya jicho, na kope moja huanguka ghafla huku mboni ya jicho hilo ikipanuka. Mtu wa namna hiyo asisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kikipasuka, damu humwagika katika nafasi iliyoko kati ya ubongo na utando wake. Wako wanaokufa kabla ya kufikishwa hospitali, na kwa jumla theluthi moja ya wagonjwa au zaidi hupoteza maisha. Aliyepona pigo la kwanza bado ana mawili mbele yake. La kwanza ni kifuko kupasuka tena, jambo ambalo hatari yake ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo. La pili huja siku kadhaa baadaye, takriban kati ya siku ya 4 na ya 14, ambapo mishipa ya ubongo, kana kwamba imekasirishwa na damu iliyomwagika, hujikaza na kuunyima ubongo chakula. Kwa hili la pili kuna dawa iitwayo nimodipini. Kwa lile la kwanza hakuna kidonge. Kifuko lazima kizibwe.

KIBANIO CHA FEDHA

Kabla ya mwaka 1927 madaktari hawakuwa na picha ya kuwaonyesha mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai. Mwaka huo, mjini Lisbon, Mreno Egas Moniz alitia dawa katika ateri ya shingo na kupiga picha ya eksirei, na kwa mara ya kwanza mishipa ya ubongo ikaonekana kama matawi ya mti wakati wa kiangazi. Miaka minne baadaye, mwaka 1931, Norman Dott wa Edinburgh alithubutu kumpasua mgonjwa, mwanasheria ambaye kifuko chake kilikuwa kimekwisha kutoa damu. Kilipasuka tena mbele ya macho yake. Dott alichukua vipande vya nyama vilivyokatwa kutoka mguuni mwa mgonjwa mwenyewe, akakizungushia kifuko na kukikandamiza mpaka damu ikasimama. Mgonjwa akapona.

Lakini kukizungushia nyama si kukifunga. Kifuko kina umbo la kibuyu: tumbo pana na shingo nyembamba inayokiunga na mshipa. Ukiweza kuibana ile shingo, damu itaendelea na safari yake mshipani wala haitaingia tena kibuyuni. Hilo ndilo alilolifanya Walter Dandy katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, tarehe 23 Machi 1937. Mgonjwa wake alikuwa mwanamume ambaye neva ya jicho moja ilikuwa imepooza. Dandy aliweka kibanio kidogo cha fedha shingoni mwa kifuko, na ugonjwa ukawa umekwisha. Vibanio vya leo vimetengenezwa kwa madini mengine, kama titani, na vina springi ya nguvu iliyopimwa; lakini fikra ni ile ile ya siku ile.

Dandy huyo huyo, mapema kama mwaka 1922, alikuwa ameandika habari za kuchungulia ndani ya vyumba vya maji vya ubongo kwa kutumia bomba lenye taa. Hata hivyo hakuwa wa kwanza. Mwaka 1910, mjini Chicago, Victor L'Espinasse, ambaye kazi yake ilikuwa maradhi ya njia ya mkojo, alichukua chombo chake cha kutazamia kibofu na kukiingiza vichwani mwa watoto wachanga wawili wenye kichwa maji. Mmoja alikufa, wa pili aliishi miaka mitano. Vyombo vya wakati ule vilikuwa na taa dhaifu na lenzi zenye kiza, na fikra hiyo ikawekwa kando kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtu aliyetupa kibanio alikuwa pia mmoja wa wale walioshika endoskopu ya mwanzo; haikupita akilini mwake, kwa kadiri maandishi yanavyoonyesha, kuviweka viwili hivyo katika operesheni moja. Wala asilaumiwe, maana kwa taa ile asingeona kitu.

HADUBINI YAINGIA CHUMBANI

Vizazi vya wapasuaji vilibana vifuko kwa macho matupu, au kwa miwani ya kukuza na taa iliyofungwa kwenye paji la uso. Mwaka 1957 Theodore Kurze, mjini Los Angeles, aliitumia hadubini katika upasuaji wa ubongo kwa mara ya kwanza, baada ya kuona jinsi wenzake wa masikio walivyoifaidi. Aliyeifanya iwe chombo cha kila siku ni Gazi Yaşargil, mzaliwa wa Uturuki, aliyekwenda Burlington katika jimbo la Vermont kujifunza kushona mishipa midogo, kisha akarejea Zürich, Uswisi, na kuanzia mwaka 1967 akafanya upasuaji wake kwa hadubini.

Si rahisi kueleza kwa maneno tofauti iliyoletwa na chombo hicho. Mpasuaji hutazama kwa macho mawili, hivyo huona kina. Mwanga humfuata machoni hadi chini ya tundu. Mshipa usiofikia milimita moja huwa mnene kama kamba. Yaşargil aliwafundisha wenzake kwamba ubongo hauna haja ya kusukumwa kwa nguvu: kuna mianya ya asili iliyojaa maji kati ya kunjo zake, na mwenye subira aweza kupita humo kama mvuvi apitaye kati ya miamba.

Lakini hadubini iko nje ya kichwa. Mwanga wake huenda mstari mnyoofu, na jicho huenda mstari huo huo. Kikombe kikiwa njiani, mkono wake utabaki gizani. Ili aone nyuma, mpasuaji alikuwa na njia tatu. Aweza kuusukuma ubongo zaidi ili abadilishe pembe, na ubongo hauusamehi mkono mzito. Aweza kukivuta kifuko chenyewe pembeni, na hapo anacheza na kitu kinachoweza kupasuka. Au aweza kuingiza kioo kidogo mfano wa kile cha daktari wa meno, chenye kupatwa na ukungu na kumwonyesha kulia kuwa kushoto.

Na huko nyuma kuna nini hata kukawa na wasiwasi wote huu? Kuna vijiateri ambavyo wanafunzi wa udaktari huviogopa katika mtihani na wapasuaji huviogopa maisha yao yote. Kutoka ateri kubwa huchipuka vitawi vyembamba vinavyopanda kuingia katika kiini cha ubongo. Kimoja hulisha njia ya neva zinazoamuru mkono na mguu. Vingine hulisha sehemu inayomfanya mtu awe macho na atambue watu. Havina vya badala. Mara nyingi huwa vimelalia mgongo wa kifuko, hata vikawa vimegandamana nacho. Kibanio kikiteleza na kushika kimoja kati ya hivyo, picha ya eksirei huweza kuonyesha kazi safi, kifuko kimezibwa kabisa, na mgonjwa akawa amepooza. Na kinyume chake: kibanio kikiwa kifupi kidogo, kikaacha pembe ya shingo upande wa nyuma usioonekana, damu huingia tena mle na kifuko huweza kukua upya baada ya miaka.

VIJITI VYA KIOO

Ufumbuzi ulianza kwa mtu asiyekuwa daktari. Harold Hopkins, Mwingereza aliyezaliwa katika familia maskini mjini London mwaka 1918, alikuwa bingwa wa elimu ya mwanga. Chombo cha zamani cha kuchungulia mwilini kilikuwa bomba refu lenye lenzi ndogo ndogo zilizotenganishwa na nafasi kubwa za hewa. Mwaka 1959 Hopkins alipindua mpango huo: akalijaza bomba vijiti virefu vya kioo, na hewa ndiyo ikawa vipande vidogo katikati. Kwa kufanya hivyo mwanga mwingi zaidi ulipita, picha ikawa pana na angavu, na bomba likaweza kuwa jembamba. Mtengenezaji wa Kijerumani, Karl Storz, aliichukua fikra hiyo katika miaka ya 1960 na kuifanya bidhaa. Nyuzi nyembamba za kioo zilizopitishwa ndani ya bomba hilo hilo zilileta mwanga kutoka taa iliyowekwa mbali na mgonjwa.

Jambo la kufurahisha zaidi kwa somo letu ni kwamba ncha ya bomba hilo yaweza kukatwa mshazari, likatazama pembeni badala ya mbele: kwa digrii 30, au 45, au 70. Hapo tena kuna kuzunguka kikombe. Mwaka 1977 madaktari wa Los Angeles, Michael Apuzzo na wenzake, waliandika jinsi walivyotumia bomba la kutazama pembeni wakati wa upasuaji wa ubongo, hata katika kazi ya vifuko. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Kurze, yule wa hadubini ya mwaka 1957. Miaka 20 imepita, na mtu yule yule yuko tena mlangoni kitu kipya kinapoingia.

Aliyeifanya kazi hii kuwa taratibu yenye kanuni alikuwa Axel Perneczky, mzaliwa wa Hungaria, aliyekuwa profesa mjini Mainz, Ujerumani, mpaka alipofariki mwaka 2009. Katika miaka ya 1990 yeye na wenzake walihubiri upasuaji wa tundu la ufunguo: kupita katika dirisha dogo la mfupa, kwa mfano juu ya nyusi, pana kiasi cha sentimita mbili au zaidi kidogo. Mtu akichungulia chumba kupitia tundu la ufunguo, kadiri anavyotazama mbali ndivyo eneo analoliona linavyopanuka. Lakini pembe za karibu humpotea, na ndipo endoskopu ilipomfaa Perneczky. Hakuitupa hadubini. Alivitumia viwili pamoja, na jina la taratibu hiyo lasema hivyo hivyo: upasuaji wa hadubini unaosaidiwa na endoskopu.

Msomaji asidhani kwamba endoskopu ya ubongo ni kitu cha Ulaya na Marekani pekee. Jirani zetu wa Uganda wana hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, iliyofunguliwa mwaka 2001, ambako daktari Mmarekani Benjamin Warf alitumia chombo hicho kwa watoto wenye kichwa maji. Alitoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo na, kwa wale wadogo zaidi, akaunguza tishu zinazoyatengeneza maji hayo. Alikuwa na sababu ya kijijini kabisa: mpira wa kupitishia maji, ambao ndio tiba ya kawaida, huziba, na mtoto aliye mbali na hospitali hufa kabla mama hajapata nauli. Matokeo ya kazi hiyo aliyachapisha mwaka 2005, na madaktari wa nchi nyingi wamekwenda Mbale kujifunza. Ni maradhi mengine na kazi nyingine, lakini chombo ni ndugu yake huyu tunayemzungumzia.

NJIA YA PAJANI

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo baadhi ya waandishi wa sifa za endoskopu hulipita kwa haraka. Vifuko vingi leo havizibwi kwa kibanio hata kidogo. Mwaka 1990, mjini Los Angeles, Mtaliano Guido Guglielmi na wenzake walianza kuvijaza vifuko vya wagonjwa kwa waya laini wa platinamu unaojisokota, uliopitishwa kwa mpira mwembamba kutoka mshipa wa paja hadi ubongoni, bila kufungua fuvu. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 2,143 ambao vifuko vyao vilikuwa vimepasuka, na ambao madaktari waliona njia yoyote kati ya hizo mbili ingewafaa. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wategemezi walikuwa karibu 24 katika kila 100 kwa njia ya waya, na karibu 31 kwa njia ya kibanio. Tofauti hiyo si ndogo, na tangu hapo hospitali nyingi zimegeukia waya kwanza.

Kibanio hakikufa lakini. Kifuko kilichojazwa waya huweza kufunguka tena mara nyingi zaidi kuliko kilichobanwa, kwa hiyo mgonjwa hurudi kupigwa picha mwaka hadi mwaka. Vifuko vyenye shingo pana, na vile vilivyo katika panda za ateri ya kati ya ubongo, mara nyingi hubanwa vizuri kuliko kujazwa. Na kwa kuwa vinavyobaki kwa mpasuaji ndivyo vigumu, haja ya kuona nyuma ya kikombe imezidi.

Je, endoskopu imethibitishwa kuokoa watu wengi zaidi? Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa ni taarifa za wapasuaji juu ya wagonjwa wao wenyewe. Wanasimulia kwamba katika sehemu ya operesheni zao endoskopu iliwaonyesha kitu ambacho hadubini haikuwaonyesha, na kwamba mara nyingine walikitoa kibanio na kukiweka upya kwa sababu hiyo. Ushahidi wa namna hiyo una uzito, ila si uzito wa ule utafiti wa mwaka 2002. Wako mabingwa wanaofanya kazi maisha yao yote bila kuigusa, na wagonjwa wao wanatembea. Kwa maoni yangu, mpasuaji aliyepata kukuta kitawi ndani ya meno ya kibanio kwa msaada wa jicho hili hatahitaji takwimu. Na asiyewahi kukikuta, hata takwimu hazitamshawishi upesi.

NDANI YA CHUMBA

Basi tuingie, msomaji, walau kwa fikra. Mgonjwa amelala kwa nusukaputi. Kichwa chake kimeshikwa na chuma chenye ncha tatu ili kisisogee hata unywele. Ngozi imepasuliwa, dirisha la mfupa limefunguliwa, utando umekatwa na kukunjwa. Kwanza mpasuaji huyaachia maji ya ubongo yatoke polepole, na ubongo hunywea na kumpa nafasi. Hapo hadubini husogezwa juu. Kazi ya saa nzima au zaidi hufuata, ya kukata nyuzi za utando laini mmoja baada ya mwingine, mpaka ateri kubwa ionekane ikidunda. Kwanza huutafuta mshipa unaoleta damu, ajue mahali pa kuuziba kwa muda iwapo balaa litatokea. Ndipo hukikaribia kifuko, akianzia shingoni, akiliacha tumbo mpaka mwisho.

Sasa ameiona shingo upande mmoja. Anaomba endoskopu. Kabla ya kuingia, ncha yake husafishwa, kwa kuwa tone moja la damu juu ya lenzi hufanya dunia yote kuwa nyekundu. Huiingiza akiwa bado anatazama kwa hadubini, wala si kwa picha ya endoskopu. Hii ni kanuni ambayo anayeivunja huijutia, kwani endoskopu huona kilicho mbele ya ncha yake tu. Mwili wake, mnene kiasi cha milimita tatu au nne, hauna macho, nao waweza kugusa neva au mshipa nyuma ya ncha bila mtu kujua. Mpasuaji ni kama mtu anayebeba ngazi ndefu ndani ya duka la vyombo: tatizo haliko mbele. Ikishafika, hufungwa kwenye mkono wa chuma usiotikisika, au hushikwa na msaidizi mwenye mkono mtulivu. Ncha ina joto la taa, kwa hiyo hupozwa kwa maji ya chumvi na haikai mahali pamoja muda mrefu. Na pale ubongo ulipovimba baada ya kifuko kupasuka, nafasi huwa finyu, na mpasuaji mwenye busara huweza kuirudisha endoskopu mezani bila kuitumia.

Picha yatokea kwenye kioo cha televisheni. Hadubini nyingine za kisasa huweza kuionyesha pembeni mwa kile mpasuaji anachokitazama, asilazimike kuinua macho. Mara nyingi ni picha isiyo na kina, iliyojipinda pembeni. Lakini hapo, kwa digrii 30, mgongo wa kifuko waonekana, na juu yake, vitawi viwili. Kimoja kiko mbali na shingo. Cha pili kimeilalia.

Mpasuaji anairudisha endoskopu, anatwaa kifaa chembamba butu, na chini ya hadubini anakitenga kile kitawi na shingo, nusu milimita kwa nusu milimita. Kibanio kinafunguliwa meno yake, kinapita, kinafungwa. Kwa macho ya hadubini kazi imekwisha na ni nzuri. Hutiwa dawa ya kijani katika mshipa wa mkono, ambayo chini ya mwanga maalumu hung'aa kila inapopita damu. Njia hii iliingia katika upasuaji wa vifuko kuanzia mwaka 2003. Ateri inang'aa, kifuko ni cheusi. Lakini nayo huonyesha kile tu hadubini inachokiona, na ndiyo sababu siku hizi zimetengenezwa endoskopu zinazoweza kuuona mng'ao huo.

Kwa hiyo endoskopu huingia mara ya pili. Ncha ya jino la nyuma la kibanio imevuka shingo yote, hakuna pembe iliyobaki. Kitawi cha pili kiko nje ya meno? Kiko nje, lakini kimepindwa, na ndani yake mng'ao ni hafifu. Mpasuaji anatazama kwa muda. Kisha anakifungua kibanio, anakisogeza kiasi cha unene wa ukucha, anakifunga tena. Anatazama. Mng'ao umerudi.

Mfupa hurudishwa mahali pake na ngozi kushonwa. Saa moja baadaye, au zaidi, mgonjwa anaanza kufumbua macho. Nje, katika benchi la ukumbini, jamaa zake hawajui lolote la kitawi wala la digrii 30. Daktari anainama juu ya kitanda na kumwita kwa jina. Anamwambia ainue mkono wa kulia. Kisha anamwambia ainue wa kushoto, na anangoja.